Walicheka, kisha wakaandika "mbaya"

Swali la msomaji wa Bombo, mji wa kambi ya jeshi, Uganda:

Mwalimu, salaam. Nina kibanda cha video hapa Bombo. Mwezi uliopita nilionyesha Bruce Almighty, ile ya mtangazaji wa televisheni anayepewa nguvu za Mungu. Maiki nilishika mwenyewe, nikatafsiri kwa Kiswahili, maana watu wangu ni mchanganyiko: Wanubi, wanajeshi na familia zao, wachuuzi wa stendi. Nje nilikuwa nimeandika kwenye ubao "BRUCE MWENYEZI". Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika mguu. Lakini mlangoni nilitundika daftari waandike maoni, na wengi wameandika "mbaya". Mzee mmoja, sajenti mstaafu, alitoka katikati na anadai nimrudishie shilingi 1,000 zake. Jirani yangu anayeswali msikitini anasema nimemfanyia Mungu mzaha. Mchungaji wa kanisa la walokole lililo nyuma ya kibanda anataka niirudie ili vijana wake waje. Kwenye intaneti nasoma kwamba wakosoaji waliiponda na watu wa kawaida waliipenda. Nifuate maoni ya nani? Na niirudie?

Jibu:

Kwanza litoe lile daftari mlangoni. Mtu anatoka gizani, mwanga unampiga usoni, nyuma yake yupo jirani yake, mbele yake yupo mtoto wa sheikh, na kalamu imefungwa kwa uzi. Hapo haandiki filamu aliionaje. Anaandika yeye ni mcha Mungu kiasi gani. Ungemuuliza mtu yuleyule akiwa peke yake kwenye bodaboda njiani kwenda nyumbani, angekusimulia habari ya mwezi ulivyovutwa kwa kamba, na angecheka tena.

Kosa hilo nililifanya mimi kabla yako, kwa hiyo sikulaumu. Ilikuwa Kisenyi, Kampala, mwaka 2004, filamu hiyo ilipokuwa ikizunguka vibandani kwenye diski zilizokwaruzwa. Kiingilio kilikuwa shilingi 300. Kibanda cha mabati, jenereta inakohoa nje, na VJ ameketi kando ya televisheni, maiki mdomoni, anatafsiri kwa Kiluganda na kuchomeka Kiswahili kwa ajili ya madereva wa malori na Wasomali wa mtaa ule. Siku ya kwanza niliuliza watu mlangoni, nikapata majibu ya mlangoni. Siku ya pili nilikaa ubavuni, nikaipa filamu mgongo, nikawatazama watazamaji.

Ikafika pale Bruce anapoingia kwenye jengo tupu na kumkuta mzee mweusi mwenye ovaroli akipiga deki. Dakika chache baadaye mzee huyohuyo anashuka ngazini, anavua ovaroli, ndani ana suti nyeupe, na anajitambulisha ni nani. Benchi la mbele yangu lilikuwa na watu watatu. Kijana wa mwisho alipiga makofi, akapaza sauti: "Mweusi! Kumbe ni mweusi!" Mzee wa katikati, mwenye kanzu na kofia, aliinamisha macho, mguu ukaanza kutafuta kandambili chini ya benchi. Wa tatu, baba wa makamo mwenye rozari shingoni, hakucheka wala hakuondoka. Alimgeukia jirani yake akasema kwa sauti ya chini, "Anapiga deki?"

Baadaye nilimfuata nje. Nilidhani amechukizwa na mtu kumwigiza Mungu. Hapana, picha ya mzee mwenye ndevu nyeupe anayekaa mawinguni ameiona kanisani tangu utotoni. Aliniambia, "Mke wangu ndiye anapiga deki, hospitalini. Mungu hapigi deki." Akaniaga, akavuka barabara.

Benchi moja, mambo matatu, na hakuna hata moja ambalo lingeingia kwenye "nzuri" au "mbaya". Kijana alifurahia rangi. Mzee wa kanzu alikataa sura yoyote ile, iwe ya rangi gani. Baba yule alikubali sura, akakataa kazi. Ukiniuliza maoni ya watazamaji juu ya filamu hii, naanzia hapo: kila mtu anacheka mpaka afike mahali fulani, na mahali hapo kila mmoja anapo pake. Kazi yako mwenye kibanda ni kujua ni wapi.

Sasa tuje kwenye ule ubao wako. Ndugu yangu, "BRUCE MWENYEZI"! Naona ulivyofika huko: neno la Kiingereza kwenye jina la filamu ni sifa ya Mungu, ukaligeuza neno kwa neno. Lakini neno hilo kwa Kiingereza limezoea kutaniwa. Watu wa Marekani hulibandika hata kwenye sarafu, wakasema "dola mwenyezi", na hakuna anayeshtuka. Kwetu "Mwenyezi" halina mtu mwingine wa kulibeba. Hatusemi mfalme mwenyezi wala jenerali mwenyezi, hata majenerali wenyewe hawakuthubutu. Ukiliweka kando ya jina la mtu, umeshatamka jambo zito kabla hujawasha mashine, na umelitamka kwa chaki, barabarani, mahali ambapo hata asiyeingia kibandani amelisoma. Sishangai jirani yako alikuja na ghadhabu tayari. Huenda hata hajaiona filamu.

Yule VJ wa Kisenyi alikuwa mjanja zaidi yetu sote. Hakusema "Katonda", yaani Mungu kwa Kiluganda, hata mara moja. Alimwita mzee wa suti nyeupe "Mukama". Wewe umeishi Luweero, unajua: mukama ni Bwana Mungu anayeombwa kanisani, na mukama ni tajiri anayekulipa mshahara mwisho wa mwezi. Basi kila Bruce alipolalamika, mtu angeweza kusikia mfanyakazi akimlalamikia tajiri wake, au mja akimlalamikia Mola wake, na kila mmoja alichagua kinachomweka salama. Ukikumbuka kwamba hadithi yenyewe inaanzia kazini, kwa mtu aliyenyimwa cheo, utaona tafsiri ile haikukwepa kitu. Ilikuwa imeingia ndani ya filamu kuliko maneno yake yenyewe ya Kiingereza.

Kiswahili nacho kina dawa hiyohiyo. "Bwana" anafaa: Bwana wa mbinguni, bwana shamba, bwana fedha, bwana harusi. Na "Mzee" anafaa zaidi kwenu Bombo, maana kambini kila mkubwa ni Mzee. Ukisema "Mzee amemkabidhi Bruce ofisi kwa muda", kila mwanajeshi ameelewa, na hujagusa sifa hata moja ya Mwenyezi Mungu.

Kuna mengine utayapoteza, usihangaike nayo. Mpenzi wa Bruce anaitwa Grace, yaani Neema, na filamu nzima ni ya mtu aliyekuwa na Neema ndani ya nyumba, akaipoteza akitafuta nguvu. Mtazamaji wa Kiingereza hulipata bila kuelezwa. Ukimwita Neema tangu mwanzo, nawe umelipata bure. Ni bahati ambayo watafsiri wengi hawana. Utani wa kundi la damu "chanya", neno ambalo kwa Kiingereza pia ni mtu mwenye moyo wa matumaini, uache upite.

Kuhusu jirani yako wa msikitini, nakuomba usimjibu kwa hoja ambayo watu wengi hukimbilia: "Lakini Mungu kwenye filamu ameonyeshwa kwa heshima, ana hekima, ana upole." Hilo silo analolalamikia. Kwake ubaya haumo kwenye mzaha. Umo kwenye kule kuonyesha kwenyewe. Qur'ani inasema katika sura ya 42, aya ya 11, kwamba hapana kitu kama mfano wake. Basi hata Morgan Freeman, aliyemwigiza Mungu, angeketi kwenye kiti cha enzi saa nzima akisoma hukumu za haki bila kutabasamu, pingamizi lingebaki palepale. Misri waliipiga marufuku filamu hii mwaka huohuo ilipotoka, 2003, kwa sababu hiyo hasa. Kwa hiyo jirani yako hana ugonjwa wa kukosa ucheshi. Ana mpaka ulio wazi kuliko wa mtu yeyote mwingine mtaani kwako, na mpaka ulio wazi ni rahisi kuuheshimu: unamwambia mapema ni filamu gani na siku gani, naye haji. Usimwombe baraka. Usimbembeleze aitazame "aone mwenyewe".

Mchungaji naye ana haki yake, ingawa namshuku kidogo kwamba hajakumbuka filamu nzima. Anaukumbuka mwisho. Bruce amechoka, amepiga magoti barabarani kwenye mvua, amesalimu amri, lori linamgonga. Anajikuta mahali peupe, anaambiwa aombe. Kwanza anaomba amani ya dunia na chakula kwa wenye njaa, naye anataniwa kwamba hilo ni jibu la mashindano ya urembo. Anaomba tena, safari hii anamwombea Neema ampate mtu atakayemwona kama anavyostahili kuonwa, hata kama si yeye. Hapo walokole hulia, nimewaona. Lakini kabla ya kufika hapo kuna tumbili anayetoka kwenye sehemu ya mwili wa jambazi ambayo mchungaji hawezi kuitaja madhabahuni, kuna mwanamke anayekuzwa kifua usiku bila kuulizwa, na kuna watu wawili wanaoishi pamoja bila ndoa. Marekani kwenyewe iliwekewa alama ya PG-13, yaani wazazi wawe waangalifu na walio chini ya miaka 13. Mwambie mchungaji hayo kabla hajajaza benchi zako kwa watoto wa shule ya Jumapili.

Tukija kwa wakosoaji na umma, ulichosoma ni kweli kwa jumla. Kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wakosoaji, wakosoaji walioisifu ni chini kidogo ya nusu, kama asilimia 48. Watu wa kawaida walijaa. Ilitoka Marekani mwishoni mwa Mei 2003, ikaingiza karibu dola milioni 86 kwa siku 4 za mapumziko, na hatimaye karibu dola milioni 484 duniani kote, wakati kuitengeneza kuligharimu kama milioni 81. Lakini tarakimu hizo zisikudanganye ukadhani pande mbili zilitazama kitu kimoja zikatofautiana. Wakosoaji wengi waliipenda nusu ya kwanza, Jim Carrey, aliyemwigiza Bruce, anapotanua supu ya nyanya kwenye bakuli kama Musa alivyotanua bahari, wakachoka filamu ilipoanza kuhubiri. Waumini wengi waliivumilia nusu ya kwanza ili wafike kwenye mahubiri. Na kulikuwa na kundi la tatu, kubwa kuliko yote, lililokuja kutazama uso wa Carrey ukikunjwa kama mpira, ambalo lingekuja hata angekuwa anasoma orodha ya bei za saruji. Yaani filamu moja iliuzwa kwa masoko matatu. Utakayemsoma kwenye intaneti, jiulize kwanza alikuja kwa ajili ya nusu ipi.

Kuna tukio moja ambalo kwangu ni maoni ya kweli ya watazamaji kuliko hesabu zote hizo. Ndani ya filamu, Mungu anamtafuta Bruce kwa namba ya simu inayotokea tena na tena kwenye kifaa chake kidogo cha ujumbe. Watengenezaji walichagua namba ambayo haikuwa ya mtu katika mji wa Buffalo, mahali hadithi inapotendeka. Hawakufikiri kwamba namba hiyohiyo, ikitanguliwa na namba za mwanzo za miji mingine, ina wenyewe. Filamu ilipotoka, simu zikaanza kulia majumbani na ofisini sehemu mbalimbali za Marekani. Watu walipiga, wakaomba kuzungumza na Mungu. Toleo la nyumbani lilipotoka, namba ilikuwa imebadilishwa kuwa ile ya kubuni inayotumika kwenye filamu.

Wengi walipiga kwa utani, najua. Lakini hebu mfikirie mtu anayetoka kwenye sinema, anakaa kitandani saa tano za usiku, anabonyeza namba aliyoikariri, anasikia inaita. Katika ile milio miwili au mitatu kabla ya mwenye simu kupokea, sidhani kila mmoja wao alikuwa anacheka. Ukitaka kujua filamu ilimgusa mtu wapi, milio ile inatosha. Na sisi tusijifanye hatujui. Ni nani hapa hajawahi kusikia watu wakipanga foleni kwenye simu ya redio usiku ili mhubiri awaombee visa, mume, au mtihani wa mtoto?

Ndiyo maana hapa Uganda kicheko kikubwa kuliko vyote hakiji kwenye supu wala kwenye mwezi. Kinakuja kwenye maombi. Bruce anazidiwa na maombi ya watu wa Buffalo, anayageuza yawe barua pepe, anajibu maelfu, na mengine yanamiminika. Anachoka, anabonyeza mara moja: wote, ndiyo. Kesho yake kila aliyeombea bahati nasibu ameshinda, na kwa kuwa wameshinda wote, kila mmoja anaambulia dola 17. Mji unawaka hasira. Kisenyi watu walianguka chini kwa kicheko, na huko kwenu nadhani ndipo benchi lilipovunjika. Niambie kama nimekosea. Kila kijana kibandani ana karatasi ya kubeti mfukoni. Kila mmoja ameshaombea timu yake Jumamosi, anajua na aliye upande wa pili naye ameomba, ila hajawahi kuuona mgongano huo umewekwa wazi namna ile. Mkulima wa Luweero anaomba mvua, fundi wa matofali jirani yake anaomba jua. Hapa hakuna anayemcheka Mungu. Tunajicheka wenyewe tukiwa tumepiga magoti.

Lakini kuna kicheko kingine kilichokatika ghafla, nacho kilinichukua miaka kukielewa. Ni pale Bruce anapoanza kutumia nguvu zake kujitafutia sifa, na mji mzima unamfuata. Ukiwa Kampala vijana wanacheka. Niliionyesha filamu hiyohiyo kwa watu wazima kutoka kusini-magharibi, Kanungu na Rukungiri, na chumba kikapoa. Tarehe 17 Machi 2000, miaka 3 tu kabla ya filamu hii kutoka, mamia ya watu waliungua ndani ya jengo la ibada kule Kanungu, watoto wakiwemo, wakiwa wamefuata watu waliosema wamepokea ujumbe kutoka mbinguni. Na walio wakubwa zaidi wanakumbuka 1986 na 1987, Alice Lakwena, kiongozi wa waasi wa kaskazini aliyedai kuongozwa na roho, alipowapaka wapiganaji mafuta ya mti wa shea ili risasi zisiwadhuru, wakatembea mpaka karibu na Jinja. Kwa Mmarekani, mtu wa kawaida kupewa nguvu za Mungu ni wazo la kuchekesha kwa sababu haliwezekani. Kwetu ni jambo ambalo watu wamelisema wazi, wakiwa na wafuasi, na makaburi yapo. Swali la mtazamaji wetu si "ingekuwaje kama". Anauliza nani alimpa, nani anamdhibiti, na ataziacha lini.

Filamu ina majibu yake, na naona ndiyo sehemu yake bora ambayo hata walioisifu hawakuitaja sana. Bruce anapewa masharti mawili: asimwambie mtu, na asiguse hiari ya mtu. La pili ndilo linalomshinda. Anavuta mwezi kwa ajili ya usiku mmoja wa mapenzi (na kesho yake taarifa ya habari inasema mawimbi yameipiga Japani, jambo linalopita haraka mno), lakini Neema anapoondoka, hawezi kumrudisha. Anasimama mbele yake akiwa na uwezo wote wa mbingu na hapati hata neno moja analolitaka. Wale manabii wa kwetu wote walianzia palepale anaposhindwa Bruce. Walianza kwa kuchukua hiari za watu.

Wanawake, kwa njia, huwapati vizuri kibandani, kwa hiyo maoni yao yanakupotea. Kibanda ni mahali pa wanaume, tusidanganyane. Nilipoitazama nyumbani na dada zangu na mashangazi, mazungumzo yalikuwa mengine kabisa. Hakuna aliyejali kama Mungu ana ngozi nyeusi. Shangazi yangu mkubwa, aliyekuwa akimenya matoke akitazama kwa jicho moja, alisema: "Ana nguvu za mbinguni na duniani, na kwanjula hajafanya?" Yaani hajaenda kujitambulisha rasmi kwa wazazi wa mwanamke. Tangu hapo hakuna aliyeweza kumhurumia Bruce tena. Lile la kifua lilimuudhi dada yangu wa mwisho kuliko tumbili, na akaeleza vizuri kuliko mkosoaji yeyote niliyemsoma: jamaa anapewa uwezo wa kumfanyia mpenzi wake chochote, na kitu cha kwanza anachofikiri ni kumbadilisha bila kumuuliza. Mwambie mama watoto wako aitazame, umuulize ya kwake. Utajifunza zaidi ya daftari.

Je, uirudie? Ndiyo, ila usiirudie vilevile. Ubaoni andika "Bruce" tu, au "Mtangazaji na Mzee". Usiipange Alhamisi usiku wala Ijumaa, na Ramadhani iache kabisa. Kabla hujawasha, sema kwa maiki, kwa dakika moja, kwamba kuna mtu ameigizwa kama Mungu, asiyependa aondoke sasa na pesa yake. Wakiondoka watano, hao watano watakusemea vizuri mtaani. Watoto wasiingie usiku ule. Na ile sehemu ya tumbili unaweza kuisemea kitu kingine huku wakitazama. VJ wa kwetu wamefunika mabaya kuliko hayo. (Swali la una kibali gani cha kuonyesha filamu ya watu kwa kiingilio, na ya Baraza la Habari kuhusu madaraja ya filamu, tuliweke kwa siku nyingine, ila usidhani sijaliona.)

Wengine watakushauri uonyeshe ile ya pili, Evan Almighty ya mwaka 2007, wakidhani ni ya adabu zaidi. Ni ya adabu kweli. Walipunguza matusi, wakalenga familia za kanisani, wakamfanya mwanasiasa ajenge safina. Ilikula kama dola milioni 175 kuitengeneza na haikuzirudisha zote mlangoni. Kwa jirani yako haitasaidia chochote, maana Mungu bado ni yuleyule wa suti nyeupe, na sasa umeongeza habari ya Nuhu, ambaye kwake ni mtume.

Kuhusu maoni: badala ya daftari, simama nje ukikunja waya, umuulize mtu mmoja mmoja akipita: "Ni kipande gani utawasimulia nyumbani?" Usiulize kingine. Atakayesema bahati nasibu, atakayesema maombi ya mwisho, atakayesema hakuna, wote watakuwa wamekwambia walifikia wapi. Ukipata nafasi, fanya nilivyofanya Kisenyi, kaa ubavuni. Wewe una shida kwamba ndiwe mwenye maiki, basi mweke mdogo wako akae pale na aangalie kandambili.

Sajenti mrudishie shilingi 1,000 zake, leo, kabla hajazidai tena mbele za watu. Mpelekee nyumbani. Ukishampa, kaa kidogo, umuulize alinyanyuka kwenye kipande gani. Kisha niandikie jibu lake, maana kwa mzee aliyetumikia jeshi miaka yote ile sina hakika kama kilichomtoa ni Mungu kuigizwa, au ni Bruce kufokea mkubwa wake hewani mbele ya maporomoko ya Niagara na baadaye kurudishiwa kazi.